Mashine ya kuchomelea ya inveta kwa vipuri vilivyong'olewa: kipi kinafaa, kipi kitalipuka

Mashine ya zamani ya kuchomelea ni transfoma moja nzito ya bati na shaba. Ya inveta hufanya kazi ileile kwa transfoma inayokaa kiganjani, kwa sababu umeme unaoingia humo haugeuki mara 50 kwa sekunde bali mara 35,000 hivi. Masafa yakipanda, chuma cha sumaku kinachohitajika hupungua. Faida yote imetoka hapo, na taabu yote pia, kwani kwa kasi hiyo hata kipande cha waya cha sentimita 20 kinaweza kuua transista.

Wengi hushindwa kazi hii si kwa kukosa vipuri, bali kwa kutumia kipuri kizuri mahali pasipo pake. Dayodi nzima kabisa ya kompyuta hufa papo hapo ikifungwa kwenye mashine hii. IGBT (transista kubwa ya kuwasha na kukata umeme) nzima ya jiko la induksheni hupata moto ikafa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo tufuate umeme tangu plagi hadi elektrodi, na kila kituo tuulize kipuri cha hapo kinabeba nini.

Lengo liwe ampea 120, zinazotosha elektrodi ya 2.5 mm kwa raha na ya 3.2 mm kwa kazi nyingi. Volti za tao (cheche kati ya elektrodi na chuma) hukadiriwa kwa 20 + 0.04 × ampea, yaani karibu 25 V. Nguvu inayotoka ni wati 3,000. Kwa ufanisi wa asilimia 85, inayoingia ni wati 3,500. Kwenye laini ya 230 V mtu hutarajia ampea 15, lakini rektifaya (kipuri kinachonyoosha mkondo wa laini) yenye kapasita hunywa umeme kwa mafunda, kwenye kilele cha wimbi tu, na mkondo halisi hufika 23 A. Soketi ya kawaida ya ukutani haistahimili hilo. Tumia laini yake yenyewe, waya wa 4 mm² na breka ya 32 A.

Kabla hujagusa chochote: nyuma ya rektifaya kuna volti 325 za mkondo mnyoofu, na kapasita huendelea kuzishika baada ya plagi kuchomolewa. Zimwage kwa resista ya 2.2 kΩ, wati 10, ishikilie sekunde 20, kisha pima hadi mita isome chini ya 10 V. Kuzimwaga kwa bisibisi huyeyusha ncha yake na kuharibu kapasita. Sehemu yote iliyo kabla ya transfoma imeungana moja kwa moja na umeme wa laini, kwa hiyo klipu ya erthi ya oskiloskopu ikiwekwa hapo huleta shoti. Pima upande huo kwa probu ya tofauti (isiyotegemea erthi), au lisha mashine kupitia transfoma ya kutenganisha. Asiyewahi kutengeneza pawasaplai ya swichi aanzie huko kwanza, si hapa.

Mlangoni: rektifaya na kapasita

Rektifaya iwe ya 50 A, 1000 V, aina ya KBPC5010 au inayolingana nayo, na ikae kwenye hitisinki (bati nene la kupoza) maana itatoa wati 30 hivi. Ile ya jiko la induksheni mara nyingi ni ya 15 hadi 25 A, moja haitoshi.

Kapasita nne za 470 µF, 450 V kwa sambamba hutoa 1880 µF. Kwa mzigo wetu volti zitashuka kutoka 325 hadi karibu 280 kati ya kilele na kilele, na hesabu ya transfoma inaruhusu hilo. Ukitumia nusu ya kiasi hicho, tao litakuwa la kukatikakatika na kapasita zitachemka. Zinapatikana kwenye UPS kubwa na kwenye vifaa vya kuendeshea mota. Televisheni za kioo cha tumbo huwa na za 220 µF, 400 V, na utahitaji nane au tisa. Za kompyuta ni za 200 V, kwa hiyo lazima zifungwe mbili mbili kwa mfuatano, kila moja na resista ya kusawazisha. Zinakula nafasi kuliko thamani yake. Iliyovimba kichwa au kuacha unyevu chini itupe. Iliyokaa miaka bila umeme ipandishe taratibu kupitia resista ya 10 kΩ, wati 10. Ikigoma kupita 300 V, inavuja.

Kapasita tupu ni kama shoti, hivyo ziingizie umeme kupitia resista ya waya ya 33 Ω, wati 10. Mkondo wa kwanza hautazidi 10 A. Baada ya sekunde moja au mbili, relei ya 30 A huipita resista hiyo. Hakikisha saketi ya udhibiti inaanza baada ya relei kufunga. Ikianza kabla, mzigo wote utapita kwenye resista na itawaka kama kaa. Acha pia resista ya 47 kΩ, wati 5, ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye kapasita. Inachukua dakika saba kuzimaliza, lakini haisahau.

Transista, na mtego wa jiko la induksheni

Mpangilio unaofaa kwa mwanzo ni ule wa swichi mbili: IGBT moja juu, moja chini, transfoma katikati. Zote mbili huwaka pamoja na kuzima pamoja. Zikizima, dayodi mbili za pembeni hurudisha nguvu ya sumaku kwenye kapasita. Uzuri wake ni kwamba IGBT haioni zaidi ya volti za kapasita, na hata mpangilio wa saa ukikosea, hazikutani zikapigana shoti. Mipangilio ya daraja inayotumia chipu ya udhibiti ya TL494 ya kompyuta za zamani haina msamaha huo.

Unahitaji IGBT za 600 V zinazobeba 40 A kesi ikiwa na nyuzi 100, kwa mfano FGH40N60SMD, mbili kwa sambamba kila upande. Jumla nne. Chanzo bora ni mashine mbovu za kuchomelea na UPS.

Jiko la induksheni linavutia kwa sababu IGBT yake ni kubwa na ni ya 1200 V. Usiitumie. Imetengenezwa kwa saketi inayozima volti zikiwa karibu na sufuri, kwa hiyo hakuna aliyejali mkia wa mkondo unaobaki inapozima. Kwenye mashine yetu inazima ikiwa na mkondo wote na volti zote, mara 35,000 kwa sekunde, na mkia huo unageuka joto. Moduli za vifaa vya kuendeshea mota nazo kwa kawaida ni za mwendo wa polepole kuliko huu. Kutoka kwenye jiko hilo chukua feni, hitisinki, na kapasita ya filamu ya karibu 5 µF. Hiyo ya mwisho ni dhahabu, na sababu ni hii.

IGBT inapozima, 45 A huisha ndani ya nanosekunde 50 hivi. Waya una induktansi ya takriban nanohenri 10 kwa kila sentimita. Sentimita 20 za waya kati ya kapasita na IGBT ni nanohenri 200, na zidisho lake ni 180 V za ziada juu ya 340 zilizopo laini ikiwa 240 V. Umefika 520 kwenye kipuri cha 600, na bado hujahesabu laini iliyopanda usiku. Kwa hiyo kapasita ya filamu ikae ndani ya sentimita 2 au 3 kutoka miguu ya IGBT, na njia ya kwenda na ya kurudi ziwe bapa za shaba zilizolala moja juu ya nyingine. Ukivutiwa na jambo moja tu katika makala haya, liwe hili: picha ya saketi haionyeshi urefu wa waya, na ndio unaoua.

Kila IGBT iwe na resista yake ya geti (mguu unaopokea amri) ya 10 hadi 15 Ω, resista ya 10 kΩ kati ya geti na emita (mguu unaotoa mkondo), na zena ya 18 V (dayodi inayozuia volti zisizidi) hapohapo. Kuchunguza iliyong'olewa: iweke kwenye betri ya 12 V pamoja na balbu ya gari ya wati 21. Gusa geti kwa 12 V, balbu iwake na ibaki imewaka hata ukiachia. Unganisha geti na emita, izime kabisa. Ikififia yenyewe ndani ya sekunde chache, geti linavuja. Zilizo sambamba ziwe za aina moja na toleo moja.

Dayodi mbili za kurudisha nguvu ziwe za kasi, 600 V, 8 hadi 15 A. Zile za sehemu ya PFC (inayosawazisha unywaji wa umeme wa laini) kwenye pawasaplai za kompyuta zinafaa hapa vizuri.

Transfoma

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka. Mizunguko ya msingi (upande wa laini) huhesabiwa hivi: volti za kapasita zidisha kwa muda wa kuwaka, gawanya kwa eneo la chuma na mabadiliko ya sumaku unayoruhusu. Kwa masafa ya 35 kHz, muda wa kuwaka hauzidi mikrosekunde 13.5. Feraiti ya nguvu (chuma cha sumaku cha masafa ya juu) iliyopata joto la nyuzi 100 hujaa karibu na tesla 0.39, usipite 0.25.

Jozi mbili za feraiti za E65 (zenye umbo la herufi E) zilizobanwa pamoja zina eneo la 1070 mm². Kwa mizunguko 18, 340 V zidisha 13.5 gawanya kwa hayo hutoa tesla 0.24. Upande wa pili weka mizunguko 6. Uwiano wa 3 kwa 1 unakupa mapigo ya 108 V, na wastani wa karibu 50 V mashine isipokuwa na mzigo. Usipunguze uwiano huo kwa tamaa ya tao linalowaka haraka: kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1 kinaweka kikomo cha 113 V za mkondo mnyoofu, na mkono uliolowa jasho haujui kuhesabu wastani.

Transfoma za kompyuta zina eneo la takriban 1 cm² kila moja. Ungehitaji kubananisha kumi, na nafasi ya kupitisha shaba isingebaki. Feraiti ya flaibaki (transfoma ya volti kubwa) ya televisheni yenye mguu wa kipenyo cha 14 mm ina 154 mm², hivyo zinatakiwa jozi saba. Inawezekana, ila ni mateso. Afadhali utafute mashine mbovu ya kuchomelea kwa ajili ya feraiti yake tu. Ichemshe kwenye maji ili vanishi ilainike, iache ipoe yenyewe, maana maji baridi huipasua. Ikivunjika vipande viwili safi, gundi kavu inaiunga, na pengo dogo la ufa halina madhara makubwa.

Waya mmoja mnene haufai. Kwa 35 kHz mkondo hupita kwenye ngozi ya shaba yenye kina cha 0.35 mm tu, na katikati hubaki bila kazi. Kwa msingi suka nyuzi 24 za 0.5 mm. Kwa upande wa pili tumia bati la shaba la 0.35 mm lenye upana wa 35 mm. Koili ya kusafishia sumaku iliyozunguka kioo cha televisheni ni chanzo kizuri cha waya, lakini kwangua rangi kwanza: nyingi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ikionekana nyeupe na risasi inakataa kushika, iache.

Panga hivi: mizunguko 9 ya msingi, kisha 6 ya pili, kisha 9 ya msingi iliyobaki. Upande wa pili ukikaa katikati kama nyama ya sambusa, sumaku inayopotea hupungua. Kati ya msingi na pili weka tabaka tatu za tepu ya polyesta, na uache 3 mm tupu kila ukingo. Hiyo tepu ndiyo peke yake inayomtenga mchomeleaji na umeme wa laini. Kwenye maungio ya feraiti weka karatasi ya 0.05 mm ili sumaku isibaki na kumbukumbu. Ukimaliza, msingi usome karibu 2.5 mH. Upande wa pili ukipigwa shoti, msingi usome chini ya 10 µH. Zaidi ya hapo, umesuka kwa kulegea. Kisha pima kinga kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya 500 V. Chini ya 5 MΩ, fungua usuke upya.

Upande wa elektrodi

Dayodi za kompyuta zenye maandishi ya 30 A, 45 V ndizo zinazowadanganya wengi. Hapa zitapigwa na 108 V pamoja na miruko. Tumia za 300 V au zaidi, kama STTH6003, ambayo ina mbili za 30 A ndani ya kasha moja.

Usizigawe nusu kwa nusu. Tao likiwa 25 V, transfoma husukuma asilimia 27 tu ya muda. Asilimia 73 inayobaki, mkondo huzunguka kupitia dayodi ya kurudi. Elektrodi ikinata, karibu mkondo wote huhamia huko. Weka makasha mawili upande wa kusukuma na manne upande wa kurudi. Kwa pamoja zitatoa wati 120 za joto, kuliko IGBT za upande wowote mmoja, kwa hiyo feni ielekee hapa kwanza. Kila kundi lipewe resista ya 22 Ω, wati 5, na kapasita ya 4.7 nF kwa mfuatano ili kuzima miruko.

Choki (koili inayolainisha mkondo wa kutoka): jozi mbili nyingine za E65, mizunguko 8 ya shaba ya 16 mm² au zaidi, na pengo la 2.5 mm kwenye kila ungio, kwa kipande cha faiba. Hiyo ni karibu 17 µH, na haijai hadi 150 A. Bila pengo choki hujaa papo hapo, na ni sawa na kutokuwepo.

Ubongo

Chipu ya udhibiti ya UC3844 inafaa kuliko UC3845, na tofauti ni ndogo lakini ina uzito. Zote hukomea asilimia 50 ya muda. UC3845 huendelea kufanya kazi hadi 7.6 V, na IGBT iliyopewa volti hizo kwenye geti hufunguka nusu na kuungua. UC3844 huanza kwenye 16 V na kuzima kwenye 10 V, kwa hiyo ilishe 18 V. Resista ya 11 kΩ na kapasita ya 2.2 nF kwenye pini ya 4 huleta 71 kHz ndani, yaani 35.5 kHz kwenye pini ya 6.

Geti ziendeshwe na HCPL-3120 (chipu inayopitisha amri kwa mwanga), inayopatikana kwenye vifaa vya kuendeshea mota na ambayo nayo hukata volti zikipungua. Ile ya IGBT ya juu inahitaji ulishaji wake uliotengwa kabisa. Usitumie chaja ya swichi hapo: ina kapasita ndogo inayounganisha pande zake mbili, na emita ya juu huruka 325 V kila mzunguko. Transfoma ndogo ya chuma ya 50 Hz ni tulivu zaidi.

Kipima mkondo ni pete yenye mizunguko 100 ya waya wa 0.3 mm, na waya wa msingi unapita katikati mara moja. Pete iwe ya feraiti, kama ile ya chujio kwenye mlango wa pawasaplai. Pete ya njano na nyeupe ya kompyuta ni ya unga wa chuma na haipimi kitu. Baada ya dayodi weka resista ya 2.2 Ω: pini ya 3 hukata kwenye 1 V, yaani 45 A upande wa msingi, ambazo ni karibu 115 hadi 120 A kwenye elektrodi. Chujio cha pini hiyo kiwe 1 kΩ na 470 pF. Ukiweka 10 nF ili kupunguza kelele, taarifa itachelewa mikrosekunde 10, na IGBT haina muda huo.

Kupunguza ampea, ibane pini ya 1 kwa transista ya PNP ambayo bezi yake inatoka kwenye potenshomita ya 10 kΩ iliyofungwa kati ya pini ya 8 na ardhi ya saketi.

Kuwasha

Anza na udhibiti peke yake, bila volti za kapasita. Tazama geti zote nne: ziwake pamoja, kwa 15 V au zaidi, kingo zikiwa kali. Kisha lisha kapasita 30 hadi 60 V kutoka pawasaplai ya meza. Volti za kutoka zikionekana halafu zikaporomoka kwa mzigo mdogo tu, upande wa pili umefungwa kinyume. Badilisha ncha zake.

Hatua inayofuata ni laini ya 230 V kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100. Ikimulika mara moja na kufifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima. Kuna shoti, na balbu imekuokolea IGBT nne.

Mzigo wa majaribio ni rahisi: mita 10 za waya wa chuma wa 3 mm, uliokunjwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji, una takriban 0.2 Ω. Kwa 120 A huo ni mzigo wa 24 V, karibu sawa na tao. Toa balbu, anza na 40 A, panda polepole. Dakika tano kwa 80 A na hitisinki zikiwa chini ya nyuzi 80, songa mbele. Swichi ya joto ya nyuzi 75 ikae kwenye hitisinki ya dayodi, ikate udhibiti, isikate feni.

IGBT ikilipuka bila mzigo, tafuta geti lililolegea au waya za geti zilizopishana. Ikilipuka tao linapoanza, tazama pete ya kipima mkondo na chujio chake. Ikilipuka baada ya dakika kadhaa za kazi nzuri, ni joto au mika iliyowekwa bila grisi. Na mashine iliyofanya kazi miezi kadhaa kisha ikapiga mshindo mara nyingi imeuawa na unga wa grainda ambao feni iliuvuta ndani. Paka bodi vanishi, weka mlango wa hewa mbali na upande wa kusagia, unga kasha na erthi, na kila baada ya wiki chache lifungue ulipulize, kapasita zikiwa zimemwagwa.